Homa Iliposhuka

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Watoto hawajambo? Na goti la mama, bado linamsumbua akiinuka? Mimi kwa mwili sijambo. Ya moyoni utayakuta mbele, ila usiruke mistari kama kawaida yako.

Barua yako niliipata. Unasema picha ya shemeji umeitoa ukutani, na kila anayekuja kukupa pole unamwambia mumeo aliuawa na kichwa chake kigumu, kwamba asingetoroka hospitali angekuwa hai. Nimeisoma mara nyingi, na hapa sina hata wa kumsomea. Wenzangu wa maabara ni watu wema, lakini saa ya kutoka kila mtu ana kwake. Mimi nina chumba chenye kiti kimoja, na redio ninayoiacha ikiongea ili nisikie sauti ya mtu.

Ndiyo maana shemeji alipokuja huku kufunga madirisha ya shule mpya, nilifurahi kama mtoto. Alikuja kwangu Jumapili, akakicheka kile kiti, akageuza ndoo akaikalia, akisema fundi hakosi pa kukaa. Wiki ya pili akaugua. Homa kali, macho yanamuuma kwa ndani, na viungo, alisema, kama vimelegezwa skrubu zote. Damu yake niliipima mimi mwenyewe. Nikaona vimelea vya malaria, nikaandika malaria.

Maabara kwetu tuna mazoea. Msimu wa mvua foleni inafika getini, kwa hiyo ukishapata jibu moja hutafuti la pili. Mkuu wetu husema mwizi akishakamatwa, waache majirani walale. Tulikuwa tunacheka. Kipimo cha dengi, ile homa nyingine ya mbu, kilikuwa kabatini, hatua tatu kutoka nilipoketi, na sikukigusa.

Dawa ilifanya kazi, maana malaria alikuwa nayo kweli. Siku ya nne homa ikashuka, wodi nzima ikampongeza. Lakini mwenye dengi, dada, homa ikishuka ndipo hatari inapoanza, ndipo anapotakiwa kuangaliwa kwa karibu. Hilo nalijua tangu chuoni. Mimi nikahesabu amepona. Alikuja kwangu, na kesho yake nikamkuta anatokwa damu puani na kwenye fizi, ameshika tumbo. Tulimrudisha mbio, tukawa tumechelewa.

Baada ya mazishi nilitoa kwenye friji damu yake iliyobaki, nikaipima. Dengi ilikuwemo, pamoja na ile malaria. Nilimpelekea mkuu majibu siku hiyo hiyo, na sasa tunapima yote mawili. Wamepatikana wengine watano wa namna yake, wamebakizwa wodini, na wanaendelea vizuri. Hayo nimeshayasema kazini. Lililobaki sijamwambia mtu.

Shemeji hakutoroka. Daktari alitaka abaki siku mbili zaidi, naye alikubali bila ubishi, akasema miguu bado haina nguvu. Ni mimi niliyemwendea daktari nikamwambia huyu ni ndugu yangu, nitamwangalia mwenyewe nyumbani. Nikaaminiwa kwa sababu ya koti langu jeupe. Sikuwa na sababu yoyote ya maana, dada. Nilitaka mtu wa kula naye jioni. Na pale msibani uliposema alitoroka, nilikuwa nimekaa ubavuni kwako, nikanyamaza. Ni mwezi wa tatu huu marehemu anabeba mzigo wangu.

Siombi usikasirike. Naomba hasira yako umwondolee yeye unipe mimi, maana ni yangu. Tulipofika getini siku ile alisimama, akatazama wodi, akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia nina hakika, nikamshika mkono tukatoka.

Nisalimie mama na watoto. Ukiweza kunijibu, nijibu. Usipoweza, nitaelewa.

Mdogo wako,
Kitindamimba