Shati la Bluu Nililolishona kwa Mdomo

Jumanne, 3 Juni

Nimechoka. Leo mageti mawili na grili ya dirisha, macho yamejaa mchanga wa moto wa kuchomelea. Fundi mwingine angebebwa. Mimi nimerudi kwa miguu yangu, nikamkuta dada ananisubiri mlangoni, ameshika karatasi aliyoibandua kwenye nguzo ya umeme. MTAALAMU WA NYOTA. WALIOPOTEA, WALIOKIMBIA, WALIOFUNGWA MIDOMO. MAJIBU SIKU HIYO HIYO.

Kaka, anasema, wewe ndiye unayejua watu. Nipeleke, uniangalizie kama ni wa kweli au ni hawa matapeli.

Hapo hajakosea. Tapeli mimi namnusa akiwa bado amelala kwake. Niliwahi kumkamata mmoja aliyeuza kisima kimoja kwa watu tisa — nilimkimbiza mpaka akatumbukia humo humo kisimani! (Watu sita, labda. Na hakutumbukia, alikaa ukingoni akihema.) Karakanani wananiita Redio. Si kwa ubaya.

Mwezi wa tisa sasa shemeji hajulikani alipo. Aliondoka na lori la saruji, lori likarudi na dereva mwingine. Mwenye lori anasema aliacha kazi njiani. Simu haipatikani. Dada anataka kitu kimoja tu: kujua kama asubiri au asisubiri.

Maana kuna barua. Hospitali moja ya mbali inamtaka awe msimamizi wa chumba cha kufulia, pamoja na nyumba ya kukaa. Aripoti Jumatatu tarehe 16. Akienda, mume akirudi atakuta kufuli. Akibaki, atabaki na nini? Nimeahidi nitampatia mtabiri wa kweli kabla ya siku hiyo. Nimesema hata wiki moja ni nyingi.

Alhamisi, 5 Juni

Tumekwenda kwa yule wa nguzo. Ofisi ghorofani, juu ya duka la kutengeneza simu. Koti jeupe kama daktari. Mezani kompyuta imefunguliwa ila haijachomekwa — nilifuata waya kwa macho, umelala sakafuni.

Jambo la kwanza: fomu! Jina la aliyepotea. Alionekana wapi mara ya mwisho. Alivaa nini. Dada akajaza yote kwa mwandiko wake ule mzuri, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Jamaa akaichukua, akaingia nayo nyuma ya pazia. Tukasikia kikohozi. Ubani. Akatoka amefumba macho.

Naona magari mengi. Naona stendi. Naona mtu... bluu. Shati la bluu.

Dada akaangua kilio pale pale. Kanibana mkono — kaka, unasikia? Bluu!

Nikamtoa nje. Nikamwambia yule ni mwongo, kasoma fomu.

Umejuaje?

Nimejua tu.

Unajuaje, kaka, na shati lenyewe kalitaja?

Nikanyamaza. Mimi, Redio!

Haya, niandike, daftari halina mdomo. Shati lile nililishona mimi, kwa mdomo huu. Mwezi wa pili tangu shemeji apotee tulikaa kikao cha familia sebuleni kwa dada. Hakuna aliyekuwa na neno. Dada hajala siku ya tatu. Wote wakanigeukia, kwa sababu mimi huwa sikosi. Nilikuwa nimetoka safarini kufunga geti la kiwanda. Nikasikia sauti inasema: nimemwona. Kumbe ni yangu. Stendi ya mji wa mpakani, nikasema, dirisha la tiketi. Kavaa shati la bluu, mikono kaikunja mpaka kwenye viwiko. Kanipungia. Kasema mwambie dada yako mambo yakitengemaa nitarudi.

Ile mikono iliyokunjwa naionea fahari mpaka leo. Bila hiyo wasingeamini.

Mji wa mpakani sijawahi kuukanyaga. Kiwanda kilikuwa upande mwingine kabisa.

Lakini jioni ile dada alikula sahani nzima. Akaongeza.

Jumamosi, 7 Juni

Mtabiri wa pili. Mwanamke, nyumba ya vigae, mbwa amefungwa. Safari hii nilimpa dada sharti: usiseme kitu. Hata jina. Tuone atasema nini mwenyewe. Hiyo ndiyo njia, wapelelezi wakubwa wangenilipa niwafundishe.

Tuliwekwa barazani, benchi moja na mteja mwingine, mama wa makamo, analia taratibu. Mteja wangu wa grili akapiga simu, nikasogea kando. Niliporudi nikakuta dada na yule mama wameshikana mikono kama waliozaliwa pamoja. Mama anasema na yeye mumewe alitoka hivi hivi. Pole mwenzangu, wa kwako alionekana wapi? Kavaaje? Dada alikuwa ameshamwaga gunia lote.

Mama akaomba radhi, anakwenda msalani. Nikamtazama miguu. Malapa ya bafuni! Mekundu, yamelowa. Nani anatoka kwake kuja kwa mtabiri na malapa ya bafuni? Na njiani kachukua glasi dirishani bila kuitafuta, anajua ilipo.

Tukaitwa ndani. Mtabiri kafumba macho, kapumua mara tatu. Stendi. Dirisha. Shati la bluu. Na mikono... kaikunja.

Mikono iliyokunjwa! Kazi yangu mwenyewe narudishiwa kwa malipo.

Njiani nikamweleza dada habari ya malapa. Akaniambia kwa upole — bora angefoka — kaka, wewe watu wanalia, unatazama miguu yao.

Halafu akasema wawili sasa wametaja kitu kile kile. Wote hawajuani.

Jumapili, 8 Juni

Sina nguvu. Dada kafua mashati yote ya shemeji leo, kayaanika uani. Hakuna la bluu. Anasema atakuwa alilinunua huko huko.

Jumatano, 11 Juni

Mpwa wangu, binti yake dada, anauza kwenye duka la dawa. Kichwa chake kinakata. Kanifuata karakanani saa ya chakula, kakaa juu ya chuma changu bila kufuta vumbi.

Mjomba, nikuulize?

Uliza.

Kila wakitaja shati unasema waongo. Wakitaja mengine unasikiliza. Kwa nini shati?

Nikampa ile hadithi ya ujana wangu, nilipofanya kazi na mpelelezi aliyekuwa anatambua mwongo kwa harufu ya jasho, akanirithisha. Ndefu, nzuri, ina treni ndani yake. Kasikiliza mpaka mwisho, hata hakutabasamu. Kasema sawa, Mjomba. Halafu: Jumatatu si mbali. Mimi mama hanisikii, ananiona mtoto. Wewe anakusikia. Mwambie aende kazini.

Nikasema nitamwambia.

Ninachotaka ni mtabiri mmoja wa kweli. Mmoja! Aone mwenyewe kwamba stendi ile haina mtu, aseme, dada asikie kutoka kwenye mdomo wa mwingine. Mimi nitoke msafi. Nimetimiza miaka hamsini na tatu na hilo ndilo ninaloomba.

Alhamisi, 12 Juni

Nimempata.

Hana bango. Anashona magodoro nyuma ya ghala la mbao, pamba mpaka kwenye nyusi. Wanaojua kwamba hutazama maji ni wachache. Nilikwenda kwanza peke yangu kumjaribu. Nikamwambia nina pacha aliyefia vitani, nataka salamu zake. Akaendelea kushona. Akasema: huna pacha, una muda mwingi. Nikacheka! Wa nguzo angemwona pacha na medali zake.

Mchana nikampeleka dada. Beseni la bati, maji ya bomba, hakuna ubani. Akatazama. Akatazama sana, hata mimi nikaanza kuona vitu. Kisha akafuta mikono kwenye kanga.

Sioni kitu, akasema. Maji tu.

Dada akamwambia tazama tena, mama. Akatazama tena. Maji tu, binti yangu. Anaweza kuwa hai, anaweza asiwe. Mimi sijui, na anayekwambia anajua muulize kajulia wapi. Nani alimwona mwisho?

Kaka yangu huyu.

 Mshona magodoro akaniomba nimsaidie kumwaga maji nje. Beseni lenyewe jepesi, la kunyanyuliwa na mtu mmoja! Nje akasema dada yako anaishi kwenye macho yako. Una hakika nayo?

Nikamjibu macho haya yametazama chuma kikiyeyuka miaka ishirini na minane bila miwani.

Akasema: haya.

Haya! Nimetukanwa na watu wazito, hakuna aliyenimaliza kama yule na neno lake moja. Na malipo kakataa.

Njiani dada kawaka. Mtu wa maana gani huyu, hata shati hakuliona! Wenzake wameliona! Kaka, ni kweli wewe unajua watu, lakini huyu kakuweza. Huyu ndiye tapeli.

Kipimo kimoja tunacho, mimi na dada. Anayeliona shati, mimi najua ni mwongo. Anayeliona shati, dada anajua ni mkweli. Nitaanzia wapi kumgeuza bila kusema kipimo nimekipata wapi?

Ilikuwa nafasi. Barabara tupu, sisi wawili tu. Nilifungua mdomo, ikatoka habari ya geti la kiwanda, urefu wake, na jinsi nilivyoliinua peke yangu.

Jumamosi, 14 Juni

Dada ameamua. Hataki tena watabiri. Anasema mtabiri wake ni mimi, niliyemwona kwa macho, bure. Kesho tunapanda basi, nikamwonyeshe aliposimama. Ataulizia kuanzia hapo.

Nikamkumbusha barua. Kasema kazi zipo, mume ni mmoja.

Mpwa alikuwa anakunja nguo. Kaziacha. Mjomba, unaujua mji huo?

Wote wawili wamenitazama. Nikasema naujua kama nyumba yangu.

Jumapili, 15 Juni

Basi kutwa nzima. Dada kakaa dirishani, kila kituo anachungulia. Nilipanga kumwambia tukifika mtoni. Kisha tukifika kwenye mizani ya malori. Kisha nikalala, au nikajifanya. Kanifunika kichwa na mtandio wake, jua lisinichome macho. Kamwambia abiria wa pembeni kwa sauti ya chini: huyu kaka yangu ni fundi, macho yanamsumbua.

Tumelala nyumba ya wageni, vyumba viwili, ukuta wa mbao. Namsikia anavyogeuka.

Jumatatu, 16 Juni

Saa mbili asubuhi, stendi. Naandikia kwenye benchi la kahawa.

Madirisha ya tiketi ni manne! Nilipokuwa natunga niliweka moja. Dada kauliza ni lipi, kaka? Nikaonyesha la tatu, lina kivuli. Dada kaenda kusimama hapo. Hakai. Kagusa ukuta kwa kiganja, pale ambapo bega la mtu lingegusa.

Mpwa kaleta ujumbe kwenye simu yangu. Kawapigia hospitali, kawabembeleza, wamekubali kumngoja mpaka kesho jioni, si zaidi. Mjomba, basi la kurudi lipo saa nne, nimeuliza. Tafadhali. Hakuandika kingine.

Saa mbili na robo. Dada anaonyesha watu picha. Muuza soda, hapana. Karani wa dirisha, hapana, hata hakuitazama. Nimejiambia: akimaliza watu kumi nakwenda kumwambia ukweli. Sasa wanane.

Wa tisa ni mpagazi, mzee mwembamba mwenye mkokoteni. Kashika picha mbali na macho. Katikisa kichwa, hamjui. Kairudisha. Ndipo dada akamwambia — nasikia kutoka hapa — alivaa shati la bluu, baba, mikono kaikunja hivi. Akamwonyesha kwa mikono yake mwenyewe.

 Mzee alimtazama dada usoni kwanza. Nimeuona ule mtazamo, naujua ulivyo kwa ndani. Hakuomba kitu, hakunyoosha mkono. Mtu mwenye huruma zake tu, kaona mwanamke amechakaa. Akasema: eeh... bluu. Ndiyo, ndiyo. Alikuwa anapita hapa. Huenda yuko kule ng'ambo, kwenye maghala, wanachukua vibarua.

Ng'ambo ya mpaka!

Dada anacheka. Miezi tisa sijayaona meno yale. Begi ameshalipachika begani, na langu kalitupa kwenye mkokoteni. Ananiita. Kaka! Kaka, njoo! Anamwambia mzee: huyo hapo ndiye aliyeongea naye, mwulize mwenyewe.

Saa mbili na nusu. Nimesimama, naandika nimesimama. Mzee wa watu ameshusha mkokoteni. Ananitazama mimi sasa, anangoja nianze ili aitikie.