Ukurasa Usio na Picha

Laila shoga, usipande boti ya leo! Usimpe yule wakala wa kazi pasipoti!

Nipo kwa fundi wa kompyuta, Hasnain, mtaani Jadida. Kompyuta yake kuukuu kaitia kivinjari chepesi cha kufungulia mtandao, cha bure. "Mashine hii bibi kizee, picha zitaiua," kaniambia. "Hiki kinaleta maneno tu."

Nikafungua ule ukurasa ulikojiandikisha kazi za Arabuni. Kwenye simu tulitazama picha za bustani na majumba. Hapa yamekuja maneno tu, hata yale madogo yaliyojificha chini ya picha. Wallahi, maneno tu.

"Mtumishi hatatoka nyumbani miaka miwili. Simu na pasipoti atazishika mwajiri."

Nimesoma mara tatu. Hasnain kacheka, kisha kasoma mwenyewe. "Nani kajiandikisha hapa?"

Nikamwambia ni wewe.

Laila, nijibu. Mbona meseji zangu zote tiki moja, hazikufikii?