Hesabu Nilizozibakiza kwa Ajili ya Tuisheni

Elerai, Jumanne, Desemba 1996

Sitaki hata kuyaonja yale maziwa. Yako mezani, bado yamo kwenye kibuyu alicholeta mama yake Naishiye.

Matokeo ya darasa la saba yametoka leo, na Naishiye hakuchaguliwa. Sababu naijua. Asubuhi darasani nilikuwa napitia hesabu za sehemu juu juu tu, kisha nawaambia, "Zilizobaki tutamalizia tuisheni." Walimu wote pale tunafanya hivyo, mshahara hautoshi. Lakini tuisheni ni ya wanaolipa, na yule mtoto kwao hawana. Saa tisa alikuwa anakwenda kukata majani ya ng'ombe.

Na akili alikuwa nazo. Kunizidi mimi nilipokuwa na umri wake.

Mama yake ametembea kutoka kule mlimani kuja kunishukuru kwa miaka yote niliyomfundisha. Kisha akauliza taratibu, "Mwalimu, mtoto wangu amekosea wapi? Niambie tu ukweli."

Ningeweza kumwambia. Ofisini tulikuwa wawili tu.

Nikasema hakujitahidi.

"Asante, mwalimu," akanijibu. "Nikifika nyumbani nitamchapa."