Sahihi Niliyoweka kwa Niaba ya Baba

Kijiji cha Mabawe,
Ngara, Kagera.
Jumapili, 9 Novemba 1997

Mpendwa kaka Anatory,

Shikamoo. Pokea salamu zetu kabla ya neno lolote, umgawie na wifi Kwandu pamoja na watoto. Mnaendeleaje huko Singida? Kifua cha wifi kimetulia? Hilo usisahau kulijibu, maana Mama ataniuliza kila siku mpaka barua yako ifike. Ile ya Agosti tuliipata, na picha ya mtoto aliyevaa kofia yako tumeibandika ukutani. Mama anasema paji la uso ni la marehemu bibi, halina ubishi.

Huku tu wazima wa mwili. Mgongo unamsumbua Mama wakati wa palizi, lakini shambani anakwenda. Mwanangu Ineza yuko darasa la tatu, na akisoma kitabu majirani wote wanasoma naye. Maharage yameota vizuri. Baba hajambo, ila amekuwa mtu wa kimya, na hapo ndipo habari yangu inapoanzia.

Unaikumbuka ile fidia. Mwaka wa tisini na nne, wakimbizi walipovuka Rusumo kwa maelfu, barabara ya malori ya maji ya kambini ilipitishwa katikati ya shamba letu la bondeni. Migomba ikafyekwa, mikaratusi yote ya Baba ikaangushwa. Mwaka uliofuata wakaja watu wenye madaftari, wakahesabu visiki, na Baba akalipwa shilingi laki moja na themanini na sita elfu. Wewe ulikuwa likizo, ukamsindikiza kuzipokea. Mabati ya nyumba hii yalitoka humo, na matibabu ya Mama, na cherehani yangu. Hakuna iliyobaki.

Mwishoni mwa Agosti mwenyekiti wetu wa kitongoji, mzee Ansbert, alileta bahasha ya kaki. Tulimpa kigoda, hakukaa. Alimwomba Baba asaini daftari kwamba amepokea, akaondoka bila kunywa hata maji. Unamjua Ansbert, hapiti kwenye nyumba yenye rubisi bila kuonja. Nilipomwona anateremka kwa haraka vile, niliifungua bahasha palepale.

Barua ilisema kwamba, kwa makosa ya uorodheshaji, Bwana Yohani Nshimiyimana alilipwa fidia asiyostahili, kwa kuwa malipo yale yalikuwa ya raia peke yao. Arejeshe fedha zote ndani ya siku tisini, la sivyo hatua zitachukuliwa. Hatua gani, haikusema. Nilimsomea Baba mara mbili. Mara ya pili alinizuia kwenye neno "raia", akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akaichukua barua, akaikunja, akatoka nje.

Kaka, unajua Baba alivuka mto wa mpakani mwaka wa sitini na moja akiwa bado kijana, na uraia alipewa wewe ukiwa shule ya msingi. Cheti anacho. Kesho yake alikitia kwenye mfuko wa nailoni, akavaa koti lake la kanisani, tukaenda pamoja kwenye ile ofisi ya fidia. Karani tuliyemkuta hakuwa mkali. Alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionitia hofu. Aliweka cheti karibu na orodha yake, akawa anafuata herufi moja moja kwa ncha ya kalamu.

"Mzee, kwenye cheti ni Nshimirimana. Kwenye fidia ni Nshimiyimana. Hawa ni watu wawili."

"Ni mimi mmoja," Baba akamjibu. "Aliyeandika cheti aliandika alivyosikia."

"Lakini moja ni jina la Kirundi, jingine la Kinyarwanda. Sasa wewe ni yupi?"

"Mimi ni mtu wa Mabawe."

Karani akatabasamu, kisha akaniambia mimi nisubiri nje. Baba alitoka baada ya muda mfupi, cheti chake mkononi. Tulipoanza kupanda mlima wa nyumbani ndipo akaniambia kwamba wanakubali alipe kidogo kidogo, ila kwanza aweke sahihi kwenye fomu aliyosomewa mle ndani.

"Pesa naweza kutafuta," akasema. "Ile karatasi siwezi. Anayesaini amekubali."

Nakueleza ukweli, kaka, sikumwelewa. Nilidhani ni ukaidi wa uzee.

Jirani yetu Bukuru, yule aliyekuja kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, alipata barua kama ya kwetu. Yeye hakubishana na mtu. Aliuza ng'ombe wake mmoja, akalipa zote, na Jumapili akatuonyesha stakabadhi nje ya kanisa. Akasema sasa analala usingizi. Nilimtazama Baba. Baba alikuwa anatazama viatu vyake.

Oktoba msako ukaanza. Malori yalipita vijijini yakichukua watu waliosemekana ni wageni wanaoishi nje ya kambi. Leo unasikia wamefika kijiji cha pili, keshokutwa unasikia wako karibu zaidi. Mama alianza kukunja nguo na kuzipanga ndani ya shuka, bila kumwambia mtu kwa nini. Baba akawa hataki kuzungumza habari ya barua kabisa. Nami nilikuwa nahesabu zile siku tisini kila asubuhi, na kila nikihesabu namuona Baba, miaka hamsini na nane, akipandishwa kwenye lori kwa sababu ya deni.

Basi niliamua peke yangu. Cherehani nilimuuzia Verediana, fundi wa sokoni, kwa shilingi arobaini na tano elfu. Nyumbani niliaga nakwenda kutafuta mnunuzi wa maharage. Yule karani alinipokea vizuri, akanipa kiti, akaniuliza habari za mzee. Akaniwekea fomu, akanionyesha pa kujaza, nami nikajaza. Chini nikaandika "kwa niaba ya baba yangu" na kuweka sahihi. Alihesabu pesa, akanipa stakabadhi na nakala ya fomu. Nilirudi nyumbani mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Siku ya tisa baada ya hapo lori lilikuja kwa Bukuru. Ilikuwa asubuhi, sisi tuko shambani kando ya nyumba yao, tukaona na kusikia kila kitu. Bukuru hakukimbia. Aliingia ndani, akatoka na stakabadhi yake, akampa kiongozi wa askari kwa mikono miwili.

"Mimi nimelipa, afande. Sidaiwi."

Yule mtu akaisoma, akamrudishia. "Tunajua umelipa. Na ulisaini kwamba wewe si raia. Ndiyo maana tumekuja."

Walipewa nafasi ya kuchukua sufuria na mablanketi. Mkewe alimkabidhi Mama ufunguo wa nyumba, na chungu cha maharage walikiacha kikitokota jikoni. Sasa wako kambini Lukole, kwenye hema, watu waliokaa hapa miaka ishirini na tano. Lori lilipogeuza kwenye njia ya kwetu, yule kiongozi aliangalia karatasi, akaangalia nyumba yetu, kisha wakaenda zao.

Niliingia chumbani nikatoa nakala yangu chini ya godoro. Kwa mara ya kwanza niliisoma kuanzia juu. "Mimi niliyetajwa hapa, nisiye raia wa Tanzania, nakiri kwamba nilipokea fedha nisizostahili." Na chini ya maneno hayo kuna mwandiko wangu, kaka, ule mwandiko mzuri ulionifundisha wewe.

Siku nne nimekaa nalo. Leo asubuhi Baba hakwenda kanisani, nami nikabaki naye. Alikuwa anatia mundu mpini mpya. Nilipiga magoti nikamweleza lote, habari ya cherehani, ya karani, ya fomu. Nilingoja anipige au anifukuze. Hakufanya hivyo. Aliendelea kugonga mpini mpaka ukakaa sawa.

Kisha akauliza, "Kwenye ile fomu kuna mahali wanataka majina ya watoto. Ulijaza?"

"Nilijaza, Baba."

"Wangapi?"

"Wote."

"Na Anatory?"

Nikamwambia ndiyo. Nilikuandika wa kwanza, kwa majina yako yote, na mbele yake nikaweka: mwalimu wa shule ya msingi, Singida. Karani aliniambia ni vizuri kuonyesha kwamba mzee ana mtoto mwenye mshahara. Niliandika kwa fahari.

Baba aliweka mundu chini. Sijawahi kuuona uso wake vile. Akasema, "Chukua karatasi umwandikie sasa hivi."

Kwa hiyo nakuandikia. Kesho alfajiri Baba na mimi tunakwenda tena ofisini. Nitasema mbele yao kwamba sikutumwa, na kwamba sahihi ile ni yangu wala si yake. Baba atadai ifutwe. Mama hataki twende. Anasema mtu hajipeleki mwenyewe. Sijui ni nani mwenye haki. Tukirudi nitakuarifu.

Wewe kaa na cheti chako cha kuzaliwa na barua ya ajira mahali unapoweza kuvishika haraka, na angalia jina la Baba limeandikwa vipi humo. Huku usije, hata ukisikia nini. Baba amelirudia hilo mara tatu. Njiani, pale Nyakanazi, askari wanateremsha watu kwenye mabasi na kuwauliza karatasi, na yule asiyewaridhisha habaki safarini. Mabasi hayo ndiyo hubeba barua, kwa hiyo hii siipeleki posta. Nampa Novatus, dereva wa lori la kahawa, aitume akifika Shinyanga.

Nisamehe, kaka. Nilitaka kumwokoa Baba na nimewaingiza nyote wawili matatani.

Mama anakusalimu sana, anamsalimu wifi Kwandu na kuwabusu wajukuu. Ineza anasema ukumbuke kalamu za rangi. Mzee Ansbert siku hizi akituona hubadilisha njia, kwa hiyo salamu zake sina.

Mungu aifunike nyumba yenu kwa mkono wake. Na siku mgeni mwenye karatasi atakapobisha hodi na kutaja majina yako yote matatu, akukute umeshajua aliyapata kwa nani.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na niliyekukosea,
Secilia