Nyongeza Niliyoomba Iondolewe

Rockville, Maryland

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje tangu ubadilishiwe dawa? Huku sote wazima. Hamisi bado anaendesha basi, na Salma ametimiza miaka minne na anatujibu kwa Kiingereza hata tukimuuliza kwa Kiswahili.

Nilikwambia kwenye simu kwamba nimeongezwa mshahara. Ni kweli, lakini sikukwambia yaliyofuata.

Bosi wangu pale nyumba ya wazee, Bi Denise, aliniita ofisini akanipa barua na kipande cha keki. Nilifurahi mpaka nikamkumbatia. Kesho yake nikaenda ofisi ya serikali inayotusaidia kulipia chekechea ya Salma, maana kipato kikibadilika ni lazima useme. Dada mmoja wa pale akabonyezabonyeza kompyuta yake, akatabasamu, akasema, "Hongera, umevuka kiwango."

Nikashukuru. Kumbe ukivuka kiwango, msaada unakatwa. Sio kidogo, mama, wote. Na chekechea ya huku inakula pesa kuliko kodi ya nyumba.

Hamisi alipiga hesabu mara tatu kwenye mgongo wa boksi la piza. Akaweka kalamu chini. "Mke wangu," akasema, "wakikupandisha tena, tutalala nje."

Sikulala vizuri. Niliwaza nani atakaa na Salma, au niache kazi kabisa. Asubuhi nikaenda kwa Bi Denise nikamwomba anipunguzie mshahara. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akadhani Kiingereza changu kimepotea njia, akamwita Mama Furaha, mwenzangu wa kazi kutoka Bukavu, aje kutafsiri.

"Zuhura, unasema nini?" Mama Furaha akaniuliza. "Mushahara ipunguke? Uko na homa?"

Nikamweleza habari ya chekechea. Akaguna, kisha akamgeukia bosi akamweleza kwa utulivu kama anayetoa habari za msiba. Bi Denise akavua miwani. Akasema amekuwa bosi miaka mingi, watu wamemlilia wakitaka nyongeza, hajawahi kuona anayeirudisha.

Kuirudisha haikuwezekana, kompyuta ya makao makuu haikubali. Ila Mama Furaha akauliza, kama mshahara wa saa haushuki, je, saa zenyewe? Wakakaa wawili wakatafuta, mimi nikimalizia ile keki niliyoibakiza. Wakakuta nikitoka mapema kila Ijumaa, narudi chini ya kiwango. Ofisi ya serikali ikazipokea saa mpya, na msaada wa Salma ukabaki.

Kwa hiyo nimeongezwa mshahara, mama, na mfukoni hakijaongezeka kitu. Ila Ijumaa iliyopita nilimchukua Salma saa sita mchana, tukarudi nyumbani kupika maandazi. Akaniuliza, kwa Kiingereza chake, kama nimefukuzwa kazi.

"Hapana," nikamwambia, "nimeongezwa mshahara."

Akafikiri, mikono imejaa unga. Kisha akanijibu kwa Kiswahili, mara ya kwanza mwaka huu: "Mama, waambie waongeze tena. Na Alhamisi."

Nisalimie kaka Bakari na mkewe, shangazi Mwanaidi aliyenilea, na wifi yangu wa Pangani. Mwambie baba dawa ya macho nimempa mtu anayekuja mwezi huu. Tuombee.

Ni mimi mwanao anayekukumbuka,
Zuhura