Kofia ya Marehemu Jere

Lusaka, 4 Septemba 1996

Binti Zondiwe,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima, na nyumbani wote hawajambo. Sisi huku wazima, ila joto limeanza kutuchoma.

Muhula umefunguliwa na kiti chako cha mbele kiko wazi. Najua ulianguka takwimu. Mtihani wa marudio ni mapema Novemba. Usipoufanya, chuo kinaifuta nafasi yako. Saikolojia inatufundisha kwamba aliyeshindwa akijiwekea malengo madogo madogo, ari humrudia. Anza na ukurasa mmoja kwa siku.

Mwalimu wako,
Profesa Katongo

Chipata, 20 Septemba

Kwa Profesa Katongo,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Asante kwa ushauri. Sitarudi. Namsaidia mama shambani.

Wako mtiifu,
Zondiwe Jere

Lusaka, 27 Septemba

Wewe Mngoni mla panya!

Hujambo? Na mashimo yote ya panya hayajambo?

Barua yako nilidhani imetoka benki. Nilitaka kukuandikia tena habari za malengo, kalamu ikagoma. Mimi Mbemba, wewe Mngoni, watani wa jadi, kwa nini tunaandikiana kama watu wasiojuana? Babu zako walitoka kusini na ngao, wakavuka Zambezi kwa kishindo, leo mjukuu wao anakimbizwa na tarakimu! Nasikia ngao zenyewe siku hizi mnaanikia panya.

Mtani wako,
Katongo

Chipata, 5 Oktoba

Mzee mla nyani,

Hatujambo, lakini si kwa dua zako.

Barua yako niliitupa jikoni, kisha nikaiokota. Eti mtani! Baba alikufa wiki ile ya mitihani. Nilikaa mbele ya karatasi ya takwimu nikiona jeneza tu. Na msibani hakutokea Mbemba hata mmoja. Hakuna aliyemkejeli marehemu, hakuna aliyemzuia mama kulia. Tulilia mpaka tukakauka, na tangu siku hiyo mama hajacheka. Mtani gani wewe, usiyejua hata kama nimefiwa? Nyama ya nyani imekuziba masikio!

Zondiwe

Lusaka, 8 Oktoba

Zondiwe,

Pole. Pole sana, mwanangu. Mimi bingwa wa ari nilikuandikia malengo, na sikukuuliza swali ambalo hata muuza nyanya angeuliza.

Jumamosi nakuja. Mwambie mama apike. Na marehemu ajiandae, maana ana kesi na mimi.

Mtani wako,
Katongo

Chipata, 16 Oktoba

Mtani mwizi,

Shikamoo. Ulifika salama? Mama anakusalimu, na anacheka. Tangu ulipojilaza juu ya kaburi la baba ukipiga kelele, "Jere, toka! Umejificha huko ili usilishe wageni? Mngoni bahili wewe!" mama akiosha vyombo anaangua kicheko peke yake. Halafu analia kidogo. Halafu anacheka tena.

Lakini kofia ya baba uliyoinyakua msumarini! Tulikupa kuku wa kuikomboa. Kuku ukamla, na kofia ukaondoka nayo. Mjomba anasema mtani hashtakiwi, la sivyo ungelala ndani. Irudishe.

Mtani wako,
Zondiwe

Lusaka, 21 Oktoba

Mla panya mpendwa,

Nilifika salama, tumbo limejaa kuku wenu. Kofia nayo haijambo. Nimeiweka kwenye kiti chako cha mbele. Inahudhuria vipindi vyote, haisinzii, haipigi soga. Wenzako wameanza kuiamkia.

Anayeitaka aje aikomboe mwenyewe, kwa mtihani. Kuku hawapokelewi tena.

Mtani wako,
Katongo

Chipata, 28 Oktoba

Mzee mla nyani,

Hatujambo. Alhamisi napanda basi. Nafuata kofia tu, usijidanganye.

Zondiwe

Chipata, 12 Desemba

Mtani,

Shikamoo. Huku wazima, mvua zimetujia vizuri na mahindi yameota.

Matokeo nimeyapata. Nimefaulu, kwa alama chache, na ukinicheka nitakuletea panya mbichi.

Kofia nilimkabidhi mama. Aliinusa, akaipangusa, akakaa nayo mapajani mpaka chakula kikapoa. Kisha akaifunga kwenye kifurushi unachokipokea na barua hii. Anasema baba hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Basi mrudishie kiti chake, nami nitakaa jirani yake mpaka tuhitimu wote wawili.

Mtani wako,
Zondiwe