Chakula Ulichompelekea Masanja

Mama Neema mke wangu,

Habari za Idete? Neema amepona kikohozi? Na miguu ya mama, bado inavimba? Mimi ni mzima, tena nimenenepa. Hapa Lubumbashi lori likipata pancha linanitafuta mimi. Wananiita Injinia, na darasa la saba sikumaliza.

Nakuandikia barua kwa sababu simu imeniponza. Siku ile ng'ombe wa Masanja walipoingia kwenye mpunga wetu mchanga, uliniambia tu, "Baba Neema, mwenye ng'ombe yuko hapa, anataka muongee." Hukuniambia umeweka sauti kubwa, na vijana wake wamesimama na fimbo! Nikajitapa: "Mwambie huyo aondoke kabla sijageuza zizi lake mishikaki!" Simu ikakatika. Nikawatambia wenzangu kwamba nimemnyoosha mtu.

Kumbe uliikata wewe, ukapika wali na kuku (yule jogoo wangu!), ukamchukua mama mkaenda kwa Masanja kuniombea radhi. Fimbo zikawekwa chini. Kesho yake akaja na maksai, akalima upya kipande kilicholiwa, mkapanda tena.

Haya nimeyasikia kwa Skola, mdogo wangu asiye na haya. Alipiga anacheka: "Shikamoo kaka Nabali!"

"Nabali ndiye nani?"

"Kasome Samweli wa kwanza. Katekista ametusomea jumuiyani, mkeo kapigiwa vigelegele!"

Nikaazima Biblia kwa dereva mmoja. Nabali ni tajiri, ana kondoo tele, na jina lake maana yake mpumbavu. Daudi anatuma vijana kwa heshima kuomba chakula, yeye anawatukana. Daudi anakasirika, anakuja na watu wenye panga kumuua. Mkewe anapakia mikate, anamwinamia Daudi, damu haimwagiki. Mke wangu, nilisoma nikaacha kula. Nilidhani mpumbavu ni mtu aliyekosa shule. Kumbe yule alikuwa na mali na jina, ila alifungua mdomo bila kuangalia nani ataumia. Ni mimi mtupu.

Lakini mimi nilisoma hadi mwisho! Mpumbavu anakufa, halafu Daudi anamwoa mjane! Hapo katekista alipasoma, au aliparuka? Maana Skola anasema Masanja amepita mara mbili kuulizia mpunga. Mpunga hauna mdomo, anauulizia nini? Na yule jogoo ulimkaanga au ulimchemsha? Wivu unanila, sifichi. Hata vile vigelegele ulivyopigiwa vinaniuma. Miaka yote mwenye maneno nyumbani ni mimi, leo mwenye akili ni wewe, na wala hujajisifu.

Mama mpe shikamoo yangu. Skola mwambie namletea kitenge, ingawa hastahili. Neema mbusu. Katekista naye msalimie, ila usimsalimie sana.

Nimeomba ruhusa, nakuja kabla hamjaanza kuvuna. Yule wa kwenye Biblia hakwenda kuomba radhi kwa miguu yake. Mimi nitakwenda kwa Masanja mwenyewe, mbele ya vijana wake. Nitakwenda na mama; wewe utabaki nyumbani.

Ila kuna jambo moja linanisumbua. Kutukana najua, kuchekesha najua, kuomba radhi kwa mtu sijawahi. Kila nikijaribu, maneno yanageuka majigambo. Wewe ulimwambiaje? Niandikie yote, nitayajifunza njiani.

Mimi mumeo,
Baba Neema